Hauna Mvuto

Barua imetoka Lausanne, karatasi nzito, muhuri wa rangi,
imepanda bonde letu ndani ya basi la njano la posta
pamoja na dawa ya minyoo ya kondoo na katalogi ya mbegu.
Melk Zumbühl ameisoma wima, miwani juu ya paji la uso,
yaani hakuisoma; nimeisoma mimi,
nikipaza sauti kuishinda mashine ya kukamulia:
Tunathamini. Tumezingatia. Tunasikitika.
Mchezo wa kuvuta kamba, kwa watazamaji wa leo, hauna mvuto.

Hauna mvuto!
Walburga alicheka hadi akaketi juu ya ndoo.
Sisi wanawake wanane, kilo mia tano na arobaini kwa jumla
(siku ya kupimwa Regula hunyoa kisogo, tusizidi hata gramu),
sisi ambao viganja vyetu vinanuka utomvu wa msonobari
hata Jumapili, kanisani, tukipeana amani,
ndio tuliokosa mvuto.

Haya, nani aliyepima? Kwa mizani ipi?
Nimemwona farasi kwenye televisheni akicheza dansi,
mpandaji kavaa kofia ndefu kama bomba la jiko.
Farasi kaja kwa ndege, ana daktari, ana mtu wa kumsuka nywele.
Simchukii. Jasho lake ni jasho.
Ila medali anavikwa nani?
Wapo wanaotembea mbio huku wamekatazwa kukimbia,
kiuno kinabisha, miguu inasihi.
Wapo wanaolifagilia jiwe barafuni
kama wanaompisha bibi harusi.
Nao waingie, mlango ni mpana.
Lakini sisi tulikuwa ndani!
Miaka mia na ushei iliyopita kamba ilivutwa mumo humo,
kisha mtu akafunga daftari,
nayo ikabaki nje kama mbwa aliyesahauliwa dukani.

Binti yangu Seraina hupanda ubao wa magurudumu
kwenye maegesho ya duka la ushirika.
Mchezo wake umepokelewa juzi, hata meno haujaota.
Nilikwenda kumkejeli, nakiri.
Nikamkuta anaanguka. Nikahesabu: mara thelathini na moja.
Goti linachuruzika, analifuta kwa soksi, anapanda tena.
Hakuna aliyetazama ila kijana wa kukusanya vikapu.
Mara ya thelathini na mbili ubao ukamtii.
Nilirudi na hotuba yangu mdomoni, nzima, haijatafunwa.

Kwa hiyo orodha sina.
Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake,
na yetu ni mita thelathini na tatu na nusu.
Ninachokijua kinaishia hapo:

mimi ni wa mwisho, kamba imenipita kwapani na begani.
Melk anashusha mkono. Tunalala nyuma, visigino vinachimba.
Dakika nzima hakuna kinachosogea.
Mtazamaji anapiga miayo, anatafuta soseji,
na ni hapo hapo mapaja yanawaka,
migongo saba mbele yangu inatetemeka kwa pumzi moja,
na upande wa pili, ghafla, kisigino cha mtu kinasema basi.
Hatua. Hatua nyingine.

Wengine hushinda kwa kwenda mbele.
Sisi, na wapiga makasia, hushinda kinyumenyume,
na tuliyemshinda hatumwachi nyuma kama vumbi:
tunamleta, uso kwa uso,
hadi nalihesabu jino lake la dhahabu,
hadi sote tunaanguka kwenye tope moja.
Kama huo si mvuto
neno hilo walirudishe, tuna kazi nalo.

Melk hakusema kitu.
Aliikunja barua mara nne, akapiga goti,
akaisukuma chini ya mguu mfupi wa mizani yetu,
ule uliotusumbua tangu majira ya baridi.
"Panda," akaniambia.
Nikapanda. Haikuyumba.
Nimezidi gramu mia mbili.